Mayai ya Mama Kabla ya Kupasuliwa

Mama alikuwa na uvimbe tumboni, na hospitali walikuwa wameahirisha kumpasua mara mbili. Muuguzi alituambia wazi kwamba damu ni kidogo, mwili umekonda, na wakimpasua hivyo kidonda hakitafunga. Akatupa wiki tatu. Mayai mawili kila siku, maziwa, maharage, mchicha. Asipoongezeka uzito, tarehe inasogea tena, na uvimbe hausubiri mtu.

Tulirudi kijijini kwetu Tlawi nikiwa na furaha zangu. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Nilishamwona mama akipanda kilima cha kanisani bila kujishika kiuno. Akina mama wa jumuiya wakatuletea mayai ya kienyeji, beseni zima. Shangazi, dada wa marehemu baba, akaja kutoka Endagikot kumpikia, maana mimi nashinda shambani.

Wiki ikaisha. Mayai yalipungua vizuri, lakini mama hakuongezeka hata shavu.

Nikaanza kumwangalia shangazi. Ni mnene, Mungu anisamehe. Shikamoo yangu ikawa fupi. Nikachungulia jalalani, sikuona ganda hata moja. Basi hayaliwi hapa, nikawaza, yanapelekwa kwa wajukuu zake. Nikayachora yaliyobaki alama ya mkaa, na kesho yake alipoenda kisimani nikapekua kikapu chake. Nilikuta rozari na ugoro tu.

Nikatoka kwenda nyuma ya ghala nimekasirika, kuku anayeatamia akanidonoa mguu. Nikamwinua. Chini yake, alama zangu za mkaa.

Shangazi aliporudi nilimwuliza mayai ya mama anayapikaje. Akasema mama huyaomba mabichi, eti mabichi ndiyo yana nguvu, basi yeye humpa. Kisha akanitazama, akaelewa.

"Kumbe siku zote hizi ulikuwa unaninusa mdomo?"

Niliona aibu hadi masikioni. Tukaingia kwa mama. Hakukana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyaweka chini ya kuku.

"Mwanangu, nisipoamka kwenye kile kitanda, utabaki na nini? Yai likiliwa limekwisha. Vifaranga watakutunza."

"Na mimi nikitaka mama, nimwatamie nani?"

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Jioni ile shangazi alichemsha mayai mawili, akakaa mbele yake na mwiko mkononi kama askari.

Siku ya kupimwa, kabla hajapanda mizani, nilimpapasa mifuko ya koti. Sikumwamini tena, angeweza kuficha mawe. Mifuko ilikuwa mitupu. Muuguzi akasoma, akasoma tena, akasema Jumatatu kitanda kipo.

Alipasuliwa. Alianza na maji, halafu uji mwepesi, siku zilizofuata maziwa na yai laini. Muuguzi akisafisha kidonda alisema nyama inashika vizuri. Mimi bado nilikaa pembeni ya kitanda nimemkazia macho.

"Unaniangalia nini?" mama akauliza, mdomo umejaa.

"Naangalia koo. Meza kwanza, ndipo tuongee."