Salamu Kutoka Adeni

Juzi mjukuu wangu aliniletea riwaya, akasema, "Bibi, hii utaipenda." Ni habari ya jamaa wanaomtafuta ndugu yao aliye ng'ambo, wasiyemjua hata sura. Ukurasa wa arobaini wanaandika barua. Ukurasa wa hamsini wamejibiwa, jina, mtaa, na picha juu. Nikakifunga kitabu kwa hasira. Aliyekitunga hakuwahi kuandika barua Chumbageni, kwetu Tanga, tena bibi yangu akiwa amekaa pembeni.

Maana nasi tulikuwa na ndugu yetu ng'ambo, mwenzangu. Baba alikuwa mpishi wa meli. Homa ilipomzidi, mwaka niliokuwa darasa la tatu, alimwambia bibi, yaani mama yake, kwamba aliwahi kuoa Adeni na ana mtoto huko. Alikufa hajataja jina lake, wala kama ni wa kiume au wa kike. Alituachia anwani moja tu, ya rafiki yake, mtu wa Tanga aliyekuwa akipika hotelini huko huko Adeni. Tangu siku ile bibi akawa na haja moja duniani: alijue jina la mjukuu wake, amwombee dua kwa jina kabla hajafa.

Mwandishi nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nasoma shule. Jumamosi, nikishakuna nazi, nilinawa mikono harakaharaka nikakaa mkekani na ile karatasi ya buluu ya barua ya ndege, inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe na huruhusiwi kutia kitu kingine ndani. Pale vidole vyangu vilipoacha mafuta ya nazi, wino ulikataa kushika. Mama yuko jikoni anasonga bada, ugali wa muhogo, moshi unatufuata, na bibi ananiambia la kuandika. Hapo ndipo nilipokuwa nikiungua moyo. Salamu kwanza. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali nasi. Shangazi anakusalimu. Jirani akisikia kuna barua huja na kigoda chake: naye anasalimu, na wanawe saba, mmoja mmoja kwa jina. Hata mwenye duka wa Kihindi aliyetuuzia karatasi alitaka asalimiwe mtu ambaye hajapata kumwona. Karatasi inakwisha, swali halijaanza.

Mara ya kwanza nilibana mstari mmoja chini kabisa: na yule mtoto je? Miezi ikapita. Jibu likaja, limejaa salamu za watu wa Tanga wote walioko Adeni, na mwishoni: "Mtoto hajambo, anakusalimuni nyote." Basi. Bibi alilia kwa furaha, akaitembeza habari Chumbageni nzima. Mimi nilitaka kuitafuna ile karatasi. Hajambo nani?

Mara ya pili nikajifanya mjanja, nikaanza na swali. Bibi akasema, "Soma nisikie." Nikasoma. Akanitazama kama niliyemtukana mgeni.

"Weye hata hodi hujapiga, ushaanza kumhoji mtu kama polisi?"

"Bibi, nafasi haitoshi."

"Andika herufi ndogo."

Mama akachungulia kutoka jikoni. "Hivi mnatafuta mtoto, au mnatafuta wa kumsalimu?"

Ikaletwa karatasi nyingine, na safari hii salamu ziliongezeka, maana kila aliyesalimiwa alitaka arudishe. Nilipofika kwenye swali palikuwa pamebaki ule ulimi wa karatasi tu, wenye gundi. Nikaliandika hapo, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: tafadhali, jina lake nani, na anakaa kwa nani? Kisha nikaulamba ulimi, nikabandika, nikakimbilia posta kabla jirani hajakumbuka mtu mwingine.

Jibu lilikuja na salamu tupu. Habari ya mtoto haikuguswa. Tulipoandika tena, barua ilirudi. Yule rafiki amehama, na hajulikani alikokwenda. Bibi alikufa kabla ya Ramadhani iliyofuata, akimwombea "yule wangu wa Adeni".

Kwa miaka nilimlaumu bibi na salamu zake, na nilimlaumu kwa sauti, mbele ya watu. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku moja nikapokea barua ya ndege, nikaichana kwa kisu ubavuni kama wafanyavyo watu wote. Ule ulimi ulibaki umegandana palepale, upande wa ndani hausomeki. Nikakaa chini. Swali la bibi nililifunga mimi, kwa mate yangu mwenyewe. Sikumwambia mama hata siku moja.

Siku hizi hakuna wa kuniagiza posta. Wajukuu huniandikia kwenye simu neno moja, "Poa?", wakamaliza, na hakuna anayenitajia jirani. Ile barua ya kwanza ninayo bado. Juzi, baada ya kukifunga kile kitabu, niliisoma tena. Mtoto hajambo, anakusalimuni nyote. Nimelelewa kwamba salamu hurudishwa, na hii sijairudisha mpaka leo, kwa kuwa sijui nimwandikie nani.