Nyundo ya Mwishehe

Siku ya kwanza kumwona Mwalimu Yunisi, Mwishehe alinyang'anywa nyundo.

Alikuwa amechuchumaa kwenye baraza ya shule moja ya msingi huko Janga, akikaza madawati yaliyolegea miguu, kazi aliyopewa na kamati ya shule. Mwanamke mrefu akatoka darasa la tatu, chaki imemwingia mpaka kwenye nywele, akaichukua nyundo mkononi mwa fundi kama mtu anayechuma pera, akarudi nayo ndani. Hakusalimia wala hakuomba. Mwishehe akabaki ameinua mkono, msumari umesimama nusu.

Ndani akasikia, "Hii ya nani?"

"Ya fundi!"

"Fundi hana jina?"

"Mwishehe!" Hiyo ilikuwa sauti ya Naila, mjukuu wa dada yake.

"Haya, kwa Kiingereza."

"Mwishehe's hammer!" wakaitika wote, wakiivuta ile esi ya mwisho wa jina mpaka ikachemka kama mafuta kwenye kikaango.

Masikio ya Mwishehe yakawaka moto. Tangu azaliwe, jina lake lilikuwa halijatamkwa na watu wengi kwa pamoja namna ile.

Kengele ilipolia, mwalimu akaja kuirudisha. "Kumbe Mzaramo naye hufanya kazi! Mimi nilidhani umepotea njia, unatafuta ngoma ilipo."

Mwalimu Yunisi alikuwa Msukuma, binti wa wafugaji waliohamia Pwani na ng'ombe wao. Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani huchukua cha mtani wake mchana kweupe. Mwenye mali haruhusiwi kununa. Hulipa kwa maneno. Jibu la Mwishehe lilikuja jioni, nyumbani kwake Visiga, akiwa anapuliza jiko: angemwambia kwamba michembe, vile viazi vikavu vya Kisukuma, imemziba masikio ndiyo maana haisikii ngoma. Akacheka peke yake. Kisha akaudhika, akaacha ugali ukaungua.

Kazi ya siku chache ikawa ndefu. Madawati yaliyokwisha aliyarudia. Alihamisha vifaa vyake kutoka dirisha hili kwenda lile, akikaa hainuki, akiinuka hajui anakwenda wapi. Alichokitafuta hakukijua, ila sikio lake lilikuwa ndani ya darasa la tatu.

Mwalimu alikuwa na kapu la ukindu. Kila mtoto alitia humo kitu chake kimoja. Mwalimu alitoa kitu, akakiinua juu, na mwenyewe hakuruhusiwa kukidai. Sharti mwenzake aseme ni cha nani. "Gideon's belt!" Gideon akarudishiwa mkanda wake huku ameshikilia kaptula. "Kabula's comb!" Watoto wa Kizaramo waliwataja wa Kisukuma, na wa Kisukuma wakawataja wa Kizaramo, wakitaniana na kunyang'anyana, mpaka mtoto aliyeingia shule hajui jina la jirani yake akawa anajua hata kifutio chake. Siku vitu vikipungua, mwalimu alitoka kuchukua nyundo.

Siku moja, vipindi vilipokwisha, Naila alipita barazani mbio, na mkononi alikuwa na bangili ya fedha. Mwishehe aliitambua kabla hata hajaiangalia vizuri. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Dada yake, Mwanajuma, aliirithi na kuifungia kabatini. Naila alipomwona babu yake anaangalia, akaificha chini ya ushungi. Mwishehe alitaka kumwita. Lakini yeye na kuita watu ni mbalimbali, akarudi kwenye msumari wake.

Wiki iliyofuata kukawa na kikao cha wazazi.

"Mimi sizunguki," alisema Mwanajuma, amesimama, kitenge amekifunga kiunoni. "Bangili ya mama yetu imepotea. Mtoto anasema aliitia kwenye kapu la mwalimu, na haikurudi. Kila mtu hapa anajua huyu mwalimu anavyookota vya watu. Ndiyo kufundisha huko?"

Wazazi wakaguna. Wengine wakakumbuka sega, wengine kalamu. Mwalimu Yunisi alisema kila kitu kilirudi kwa mwenyewe siku ileile. Aliulizwa nani aliona. Waliokuwapo walikuwa watoto tu.

Mwalimu mkuu, Laurean, akavua miwani. "Mwalimu, kama hakuna wa kukutetea, hili linakwenda wilayani. Na likifika huko, kazi yako siwezi kuiokoa."

Mwishehe alikuwa nyuma kabisa, amekalia dawati alilolikaza mwenyewe. Mbele yake alimwona dada yake, aliyembeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Alimwona na mwalimu, amesimama peke yake. Akainuka, akakaa. Akainuka tena, na safari hii watu wakageuka.

"Mimi," alisema. "Mimi huyu Msukuma ameninyang'anya nyundo mara nyingi kuliko wote."

"Umesikia!" akadakia Mwanajuma.

"Lakini ananyang'anya mchana, dada, na darasa zima linapiga kelele. Watu waliozoea kutembea na ng'ombe mia, kuficha wangejifunzia wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata Laurean alishika tumbo. Mwishehe akangoja kitulie, maana akikaa asingeinuka tena.

"Bangili niliiona mkononi mwa Naila akitoka darasani. Ni ya mama yangu. Siwezi kuifananisha na nyingine."

Kicheko kilikatika. "Mwishehe! Mtoto wa mama yangu!" alisema Mwanajuma polepole. "Unamtoa mjukuu wako mbele za watu kwa ajili ya mtani?"

"Simtoi, dada. Aitwe aulizwe kwa upole. Na asipigwe."

Naila aliletwa, akalia kabla ya kuulizwa. Bangili aliivua bombani siku ileile asiitie sabuni, akaiweka juu ya jiwe, akaisahau. Aliporudi haikuwapo. Kapu alilisingizia kwa kumwogopa bibi.

Kesi iliishia hapo. Bangili haijaonekana mpaka leo, na Mwanajuma alikaa mfungo mzima hamsemeshi ndugu yake. Futari alimpelekea kwa mkono wa Naila, imefunikwa kawa, salamu hakuna. Mwishehe alikula, na kila tonge lilimkumbusha kikao kile.

Baada ya likizo ukaja uhamisho. Shule moja ya Kisarawe haikuwa na mwalimu wa Kiingereza, na Yunisi ndiye aliyepangwa huko. Kisarawe ndiko alikozaliwa Mwishehe, na alikuwa hajarudi tangu azike wazazi.

Siku ya kuondoka, Mwishehe alimfungia kitanda na vyombo kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Alikaza kamba, akailegeza, akaikaza upya, mpaka dereva akamuuliza kama anafunga mzigo au anafunga ndoa. Jibu la hilo bado hajalipata.

Sasa anafanya kazi kwa nyundo ya kuazima, nayo haimkai mkononi. Mara mbili amevaa shati safi, akapanda bodaboda, akafika njiapanda ya Kiluvya, akaangalia barabara ya Kisarawe, akarudi. Dada yake, ambaye sasa wanasemeshana naye, humwambia, "We nenda, au uache kuchimba sakafu yangu kwa kutembeatembea." Kesho ni Jumamosi. Shati amelifua tena, na kabla halijakauka ameshaligeuza mara tatu kwenye kamba.

Kinachomtoa ndani ni kile alichoambiwa pale kwenye kirikuu. Injini ilikuwa imeshawaka. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alithubutu kudai: "Mwalimu, na nyundo yangu?"

Yunisi akaitoa kwenye mkoba, akaiangalia, akairudisha humo humo.

"Hii ni ya Mwishehe, darasa zima linajua. Anayeitaka aje mwenyewe, Mzaramo. Kwao hakumpotei."