Dohani ya Mama Rehma

Saa moja na nusu asubuhi, Dalmas Ogola amepiga magoti juu ya vigae vya nyumba kuukuu mtaani Milimani, Kisumu. Ni Machi 1993. Anagonga tofali la dohani kwa mpini wa nyundo, anatega sikio, kisha anagonga la pili. La kwanza linalia vizuri, kama chungu kizima. La pili halitoi mlio.

"Hili limekufa," anasema.

Ogola, mwenye umri wa miaka 61, ni fundi wa dohani. Katika mji huu wa joto, ambako nyumba mpya hazijengwi na meko ya kuni, kazi hiyo humfikia mara mbili tu kwa mwaka. Siku nyingine hupiga lipu kwa shilingi 120 kwa siku. Mwenzake wa miaka mingi, Wakoli, alirudi kwao Bungoma mwaka 1988. Tangu hapo Ogola hubeba ngazi peke yake na kurudi nyumbani kwake mtaani Obunga peke yake.

Wiki moja kabla ya asubuhi hiyo, radi ilikuwa imepiga dohani na kuangusha matofali manne uani. Mwenye nyumba, Mama Rehma Obeid, mjane wa miaka 70, alikuwa jikoni.

"Nilidhani paa lote linashuka," anasema. "Nilitoa shahada, nikangoja."

Binti yake, Zamzam, aliyeko Mombasa, alimshauri kwa simu aibomoe dohani kabisa, atumie gesi.

"Gesi ninayo," anasema Mama Rehma. "Lakini jiko la kuni likiwaka, nasikia nyumba ina mtu."

Alimwomba Ogola azibe pengo la dohani kabla ya mvua kubwa. Kazi ya siku mbili, basi.

"Ningeweza," Ogola anakiri. "Ungefunga waya, ukapaka saruji, ukalipwa, ukaenda. Kutoka chini ungeona kitu kipya."

Lakini alipomaliza kugonga matofali, alishusha kioo na tochi ndani ya dohani. Mwanga wa jua ulikuwa ukipenya ubavuni, mahali ambapo radi haikugusa. Akachukua patasi, akabandua lipu ya nje. Nyuma yake, chokaa iliyoshika matofali ilikuwa imegeuka mchanga mtupu, ikamwagika mikononi mwake. Saruji ngumu ilikuwa imefungia maji ndani kwa miaka, nayo yakaila dohani polepole.

Lipu hiyo aliitambua. Aliipiga yeye mwenyewe, mwaka 1984.

Alikaa juu ya paa karibu saa nzima.

"Nilifikiria ninyamaze. Nani angejua? Ni Wakoli tu, na Wakoli hayuko."

Kisha akashuka, akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama, radi imemalizia tu. Mwenye kuharibu ni mimi."

Mama Rehma aliweka kikombe chini. "Wewe, Mzee Ogola?"

"Mimi. Hii ilijengwa na chokaa, nikaivalisha saruji nikidhani naipa nguvu. Nikiziba tena, itakuangukia hapo unapokaa."

"Kwa hivyo?"

"Tubomoe mpaka kwenye paa, tujenge upya. Chini ni nzima. Wewe nunua chokaa na mchanga. Mikono yangu hutailipa."

Mama Rehma anasema alikasirika sana. "Miaka tisa nimekaa chini yake! Siku mbili sikumpelekea hata chai. Siku ya tatu nikamwona ameinama uani, anakwangua matofali ya zamani moja moja. Nikapeleka."

Kazi ilichukua siku kumi na mbili: safu kumi na saba kubomolewa, kumi na saba kupandishwa tena kwa timazi, uzi wa kunyoosha ukuta. Siku ya mwisho Mama Rehma aliwasha kuni, akatoka uani. Wawili hao walitazama moshi ukipanda.

Ogola alipofunga vyombo vyake, aliambiwa apitie hata kama hakuna kazi. Aliahidi. Mwezi umepita, hajaenda.

"Nikifika nitasema nini?" anauliza. "Mimi najua habari ya matofali tu."

Ila tangu kazi hiyo iishe, amekuwa akinunua matofali machache machache na kuyapeleka kwao Asembo Bay. Huko kuna jiko la udongo lisilo na tundu la moshi. Mkewe, Selpha, alipika humo miaka thelathini, akikohoa, hadi alipofariki mwaka 1990.

"Akiniomba dohani, nilikuwa nasema mwezi ujao, mwezi ujao. Nilikuwa kwa nyumba za watu."

Anapanga kuijenga Agosti. Nyumba yenye jiko hilo sasa haina mkaaji. Bintiye, Apiyo, aliyeolewa Sondu, huja Krismasi pekee.

"Anakaa siku tatu tu," anasema Ogola. "Lakini hizo siku tatu, nataka apike bila kukohoa."