Anayeachia Pedi Kashindwa

Nyuma ya stendi ya Kyela, miaka ile simu za mkononi zinaanza kuonekana kwa wanunuzi wa kakao, kulikuwa na banda la mabanzi ambalo watu waliliita Kwa Nancy. Hawakusema kwa Anyitike, mume wake. Anyitike alivuka mpaka wa Kasumulu kwenda kuuza vitenge Malawi, akanogewa na mwanamke wa Karonga, basi, hata salamu hatumi. Nancy hakukaa kumlilia. Aliuza mpunga wake, akapanda basi hadi Mbeya, akarudi na runinga ndogo na mashine ya gemu kaifunga kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwanamke na gemu! Muda si mrefu wale wale waliocheka wakawa wanasukumana mlangoni kwake.

Na alikuwa anacheza, jamani! Gemu lenyewe lilikuwa la ngumi na mateke, watu wawili wanatwangana mpaka damu ya mmoja iishe. Damu ndiyo ule mstari wa kijani juu ya kioo, kila ukipigwa unapungua. Vijana wa Mwaya walikuja na baiskeli kumjaribu, wakaondoka kimya kimya. Nancy hakuwa na mtoto wala shamba la maana. Alichokuwa nacho duniani ni lile banda, na heshima aliyoipata ndani yake.

Sasa Sylvester, mdogo wake Anyitike, akaanza kuwashwa. Kwanza alikuja kama mteja, halafu kama shemeji, mwisho akaja kama mwenye mali. "Hii ni mali ya kaka," akawa anasema. "Mwanamke peke yake na wahuni, ukoo mzima tunachekwa." Akaenda kwa baba yao, Mzee Tuntufye, akarudi kifua mbele eti ukoo umemkabidhi yeye banda. Nancy alijua akibishana kikaoni ameliwa, maana huko wanaosema ni wanaume. Akamvuta Sylvester mahali anapopaweza yeye.

"Shemeji, tufanye mashindano, watu wote waone," alimwambia mbele ya wateja. "Ukinishinda, chukua ufunguo. Nikikushinda, usitie tena mguu humu. Au unaogopa?"

Vijana wakapiga mluzi. Sylvester angesemaje kwamba anaogopa? Akakubali huku anacheka kwa meno tu.

Nancy aliyaandaa yale mashindano kama mtu anayeandaa harusi. Aliazima benchi kwa majirani, akatafuta wachezaji wanane, akamweka Anyisile, muuza chapati wa stendi, awe refa, kwa sababu Anyisile hamwogopi mtu. Mlangoni akaandika sheria kwa chaki: matusi hapana, na anayeachia pedi kashindwa. Hiyo ya pedi, kile kidude cha kuchezea kinachoshikwa mkononi, aliiweka kwa ajili ya vijana wanaosusa wakizidiwa. Kisha, ili watu wasiendelee kuliita banda la wahuni, akaongeza kwa herufi kubwa kwamba wazee wanaingia bure. Ee Nancy! Hapo ndipo alipojichimbia kaburi.

Maana kwa Wanyakyusa mke wa mtoto humtila baba mkwe. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitamki. Akimsikia njiani anaingia migombani mpaka apite. Mjini wengi walishaanza kulegeza, lakini kwa Mzee Tuntufye hakukuwa na kulegeza, na Nancy tangu aolewe hajawahi kuuona uso wake sawasawa.

Siku yenyewe, Jumamosi mchana, banda lilifurika mpaka wengine wakachungulia kwenye nyufa. Nancy mwenyewe ndiye aliyeita majina. Zamu ya Sylvester ilipofika, akasimama akasema, "Leo mimi natumia jina la baba. Niite hilo."

Jina lile Nancy hakuweza kulitamka. Watu wakaanza kuguna, halafu kucheka.

"Wewe mwenye shati jekundu," Nancy akasema, "njoo ukae."

"Mwenye shati jekundu nani? Nina jina langu. Litaje!"

Kicheko kikazidi. Anyisile akafoka, "Sylvester, kaa ucheze au nenda zako!" Akakaa. Lakini alishaipata dawa, mtu wa hovyo yule. Baada ya mchezo wake alionekana akimnong'oneza rafiki yake, na yule rafiki akatoka na baiskeli mbio.

Wachezaji wakatolewa mmoja mmoja, fainali ikabaki ya Nancy na shemeji yake. Raundi ya kwanza Nancy akachukua. Ya pili akaichukua Sylvester. Ya tatu, ya mwisho, Nancy alimbana kwenye kona, teke, ngumi, teke, mpaka damu ya Sylvester ikabaki kipande cha kidole. Vijana wamesimama juu ya benchi. Nancy moyo unamdunda kwa furaha. Pigo moja tu, na banda ni lake, hakuna wa kumsumbua tena.

"Pisheni, pisheni!" ikasikika sauti mlangoni. "Mzee Tuntufye huyo, mpeni nafasi!"

Mzee akakohoa. Nancy akakifahamu kile kikohozi.

Mikono yake ikaachia pedi kabla hajafikiri lolote. Akajifunika kanga kichwani, akainama mpaka chini. Mlango ulikuwa mmoja tu, na mkwe yuko pale. Akapita kwa magoti nyuma ya runinga, akalisukuma banzi bovu, akajipenyeza nje huku misumari inamchana mkono.

Kwenye kioo mpiganaji wake alibaki amesimama, anahema, hana mwenyewe. Kijana mmoja akanyoosha mkono aichukue pedi. "Sheria!" Sylvester akapaza sauti. Anyisile akatazama mlangoni yale maandishi, machozi yakamlenga, akasema mwacheni amalize. Sylvester hakuwa na haraka hata kidogo. Alimpiga yule mpiganaji teke moja moja, anapumzika, anageuka kuwakonyeza watu, anapiga tena, na watu wakawa wanahesabu kwa sauti. Nancy aliwasikia, amechutama kwenye majani nyuma ya banda.

Ufunguo Sylvester aliuchukua jioni ile ile. Na ili shemeji asipate hata kisingizio cha kuingia kucheza, alimwekea baba yake kiti chenye mto mbele kabisa. Mzee akayapenda magemu! Akawa anakuja kila siku, anacheka kama mtoto.

Nancy akamwendea mama mkwe wake, Marta. Akamwomba amfikishie mzee ombi lake. Wapo wazee siku hizi waliowafungulia wakwe zao mwiko huo, hasa walokole. Atatoa hata ng'ombe akimpata, mradi aruhusiwe kuingia hata mzee akiwa ndani ya lile banda. Zaidi ya hapo hataki kitu.

Marta alirudi kesho yake, uso unang'aa.

"Mwanangu, umempendeza mzee," akasema. "Kila anayekutana naye anamsimulia ulivyotoka siku ile. Anasema Kyela nzima hakuna mkwe mwenye heshima kama wewe. Kukufungulia hataki, asije akaiharibu heshima yako. Amesema uendelee hivyo hivyo mpaka afe."

Akasubiri. Kwa sifa kama ile mkwe hushukuru, na Marta alitakiwa kupeleka jibu.

Nancy akapiga magoti. "Ndaga fijo," akasema. "Mwambie nimeshukuru sana."