Niliongeza saa moja juu ya saa ambayo dada yangu alikuwa ameshaniongezea

Wakuu, habari za huko mliko.

Nitakachoandika hapa hakina chumvi. Natamani kingekuwa nayo.

Niko Likasi, Congo, upande wa Katanga. Kazi yangu ni kufuatilia malori ya mizigo kwa simu.

Dar wako mbele yetu saa moja. Kinshasa, japo ni nchi yetu hii hii, wako nyuma saa moja. Kutwa nzima natoa moja huku, naongeza moja kule. Ofisini waliniita Saa ya Ukutani, na nilikuwa najisikia, sitaficha.

Mtu wa Likasi anajifunza mapema: wa Kinshasa akikupa saa, ni saa yake. Hakumbuki kwamba kuna nyingine. Unaongeza moja kimyakimya, wala huulizi.

Sasa, mama.

Alikwenda Kinshasa kwa dada yangu mdogo, Mireille, kutibiwa. Siku anaondoka tuligombana, nikamwambia, "Nenda mama, nimechoka na ugonjwa wako."

Nilimuuguza miaka mitatu na nilikuwa nimechoka kweli. Lakini hilo si neno la kumwambia mama. Miezi minane hatukuongea.

Asili yetu ni Kasai, babu aliletwa na kazi ya migodi. Kwetu neno baya kati ya mzazi na mtoto halifutwi kwa kunyamaza. Kila mmoja anatoa lililo tumboni, halafu mzazi anatamka kwamba yameisha. Akifa kabla ya hapo, neno linabaki juu ya mtoto.

Siku hizi tumetawanyika, wazee wamekubali ifanyike hata kwa simu.

Daktari akapanga operesheni. Mama mwenyewe akaomba aongee na mimi kabla ya kuingia. Mireille akaniandikia, akiniita yaya, yaani mkubwa wake:

"Yaya, kesho dix heures. Mama anataka mumalize ile maneno. Kisha banamuingiza."

Dix heures, yaani saa nne asubuhi. Mimi bingwa nikaongeza moja. Saa tano.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Asubuhi nikapeleka simu kwenye kibanda cha kuchaji, sokoni Kikula, nikaizima ijae haraka. Sikutaka ikate mama akiwa katikati ya maneno. Nikakaa kwenye benchi nikijifunza kimoyomoyo namna ya kuomba msamaha.

Saa nne na nusu nikaiwasha, nikiamini nimewahi.

Voice notes tatu. Ya mwisho: "Yaya, uko wapi? Simu yako haipite. Docteur anasema hawezi tena kungoja. Banaisha kumubeba." Yaani wameshambeba kumwingiza.

Mireille kakulia hapa hapa Likasi. Alijua hesabu, akanibadilishia saa mwenyewe ili nisipate tabu. Ile saa nne ilikuwa ya Likasi; kwao ilikuwa saa tatu. Mimi nikabadilisha iliyokwisha badilishwa.

Mama hakuamka.

Nilimuuliza Mireille mama alisemaje simu ilipokataa. Alikataa kuniambia wiki nzima, halafu akasema: "Aliniuliza kama uliifunga. Nikamuambia labda ni chaji. Akasema, 'Mumuache, anachoka na miye.'"

Wakuu, mama yangu alikufa akiamini nimekataa kuongea naye. Sijui mtu anaendeleaje na jambo kama hilo. Nakula, naenda kazini, natoa moja, naongeza moja, na ninaichukia kila saa ninayoitaja.

Nilikwenda Kambove kwa wajomba, ndugu zake mama. Nikawaeleza yote. Walinisikiliza vizuri, hawakunifokea. Mkubwa wao akasema, "Mutoto, tunakuaminia. Lakini sisi hatuna kinywa ya mama yako." Wakanipa chakula, nikarudi.

Mireille naye anajilaumu kwamba hakuandika "heure ya Likasi". Namwambia si kosa lako, naye ananiambia si lako. Kila Jumapili tunaambiana hivyo na hakuna anayemwamini mwenzake.

Somo ni dogo mpaka linatia aibu. Mtu akikupa saa, muulize ni ya kwake au ya kwako. Uliza hata kama unajua. Mimi nilikuwa najua.

Pole zenu nazipokea, msijichoshe kuziandika. Ninachoomba ni kimoja: kama ukoo wenu una mila ya namna hii, na mzazi akaondoka na neno, yupo mwingine anayeweza kulifungua?

Wajomba wameshanijibu. Nauliza tu kama kuna mahali wanajibu tofauti.