Mzee Atakwenda Kuona Nini?

Swali hilo niliulizwa kwenye geti letu, Mkonze, Dodoma, siku mbili kabla ya kuondoka. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tumesaidiana misiba na harusi, alikuja kuazima ungo, akamkuta mume wangu anapanga mizigo kwenye gari. Nikamweleza kwamba likizo hii ya Juni tunakwenda na watoto kutembea Rwanda, Uganda na Kenya, na tunakwenda na baba yangu.

"Na mzee?" Akacheka. "Sasa mzee atakwenda kuona nini?"

Baba alikuwa amekaa barazani, hatua tano kutoka pale tuliposimama. Baba haoni. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hasikii.

Nilimpa ungo wake bila kumjibu, kwa sababu ningefungua mdomo yangetoka ya kuvunja ujirani. Lakini hasira ile niliondoka nayo Dodoma kama mzigo mwingine ndani ya gari.

Baba alipoteza macho kwa surua akiwa na miaka minne, katika kijiji kimoja cha Chamwino. Ndugu walishauri akae nyumbani afundishwe kusuka mikeka. Babu hakuwasikiliza, alimshika mkono akampeleka Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Kutoka hapo alisoma mpaka akawa mwalimu, na somo alilofundisha lilikuwa jiografia. Watu nikiwaambia hivyo hunitazama kama ninawatania. Alikuwa na ramani aliyoitengeneza mwenyewe juu ya kipande cha mbao: mipaka ya nchi ilikuwa uzi wa katani uliogandishwa kwa gundi, miji ilikuwa punje za mahindi, maziwa yalikuwa vipande vya plastiki laini. Yeye anapitisha kidole na kusema, mwanafunzi anachora ubaoni anachoambiwa, na ole wako uupeleke mto Kagera kusiko. Wako watu wazima katika ofisi za Dodoma ambao mpaka leo wanaweza kukutajia mito inayoingia Ziwa Victoria kwa sababu yake.

Alipostaafu, mama akiwa ameshafariki, alihamia kwetu. Jumapili moja tukila ugali na mlenda, akasema kama anayeomba chumvi, "Nimefundisha nchi za watu maisha yangu yote na sijawahi kutoka Tanzania. Ningependa nifike."

Mume wangu ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa maneno machache. Aliuliza kitu kimoja tu: "Tuanzie wapi, Mzee?"

Tukaanzia magharibi. Binti yetu ana miaka kumi na moja, mdogo wake saba; wao na mimi tulikaa nyuma, Baba akakaa mbele pembeni ya dereva, kioo kimeteremshwa kidogo ili upepo umpige usoni. Mpaka Singida alikuwa ametutangulia kutangaza kila tulipokaribia mji, kwa harufu na kwa mlio wa barabara. Watoto walidhani ni mchezo, wakaanza kufumba macho na wao kubahatisha.

Kwenye mpaka wa kwanza, ambao sitautaja, tulipanga foleni kama wengine. Ofisa wa dirishani, kijana nadhifu, alizipokea hati zetu za kusafiria. Alipofika kwenye ya Baba, aliinua macho akanitazama mimi.

"Huyu mzee anaitwa nani?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.

"Anasikia?"

Baba akamtajia majina yake yote matatu, taratibu, kwa sauti ya darasani. Yule kijana akaendelea kunitazama mimi. "Anakwenda kufanya nini huko?" Baba akajibu kwamba anakwenda kutembea. "Ana ugonjwa mwingine?" Nikamwambia kwamba hana hata huo mmoja. Kisha akanisukumia fomu. "Basi msainie wewe."

"Nina saini yangu," Baba akasema.

Binti yangu akamwekea kidole kwenye mstari, Baba akaandika jina lake kama alivyoliandika kwenye ripoti za wanafunzi kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilipogeuza macho nikamwona yule ofisa ametoa simu yake anampiga picha, anatabasamu, anamwita mwenzake wa dirisha la pili, "Njoo uone ajabu!"

Sikumbuki vizuri nilichosema. Mume wangu anadai foleni nzima iligeuka kututazama. Najua nilimwambia aweke simu chini na aifute picha ile mbele yangu, na aliifuta, uso umembadilika. Nilitegemea Baba aniunge mkono. Alingoja tufike garini ndipo akasema, "Ukigombana na kila mmoja, mama, hatutafika Kampala."

"Amekudhalilisha!"

"Amejidhalilisha. Funga mlango twende."

Rwanda ilimfurahisha kuliko nilivyowahi kumwona. Magari yalihamia upande wa kulia wa barabara, na yeye akahisi mara moja. Barabara inazunguka vilima bila kupumzika. Kwetu Dodoma unaweza kuendesha saa nzima usukani umenyooka. Mwili wake uliyumba kushoto na kulia, na kila kona alicheka peke yake. "Niliwaambia watoto ni nchi ya vilima," akasema, "lakini sikujua vilima vyenyewe viko tumboni mwa mtu." Sokoni Kigali mama mmoja muuza vikapu, bila kuulizwa na bila kuuliza, alimshika mikono yote miwili akaipitisha kwenye ususi, kuanzia kitako mpaka kifuniko, akimwambia rangi kwa Kiswahili cha kuungaunga: hapa nyeusi, hapa nyeupe, hapa nyeusi tena. Hakutuangalia sisi kabisa. Nilitaka kumkumbatia.

Sasa nifike kwenye sehemu nisiyopenda kuisimulia.

Siku tuliyoshika njia ya Kampala tulikuwa tumechoka. Mdogo alikuwa ametapika, na jua lilikuwa kali. Njiani, baada ya Masaka, barabara hukata mstari wa Ikweta, na wamejenga pale duara kubwa la saruji ambalo watu husimama ndani yake na kupigwa picha. Baba alikuwa ameliulizia tangu asubuhi. Kila baada ya muda: "Bado?" Nami, "Bado, Baba." Kisha nikaliona kwa mbali, na watalii wamejaa, magari yameziba pembeni. Nikawaza kumshusha, kumvusha barabara, kungoja zamu, kumpandisha tena. Nikamwambia, "Baba, kumbe tumeshapita. Sikuliona."

Wakati huohuo binti yangu akapiga kelele, "Mama, si lile pale! Babu, lile pale, tunalipita!"

Mume wangu akapunguza mwendo, akaniangalia kwenye kioo. Baba akainua mkono. "Endesha tu, baba."

Tulikwenda kama kilomita kumi. Ndipo Baba akazungumza, bila kugeuka. "Yule kijana wa mpakani hanijui. Wewe unanijua."

Nikaomba radhi, na machozi yalinitoka. Akasema, "Haya." Si zaidi. Mimi kazi yangu ni kupima damu kwenye maabara, na kutwa naletewa wazee. Mara ngapi nimemuuliza mtoto aliyemsindikiza, "Mama anaumwa nini?" na mama mwenyewe amekaa mbele yangu? Nilihesabu nyuso nilizoweza kuzikumbuka, nikaacha. Yule ofisa niliyekuwa nikimlaani tangu mpakani, kumbe anakaa kwenye kiti changu cha kazini.

Jinja tulifika kesho yake asubuhi. Hapo ndipo Mto Nile unapotoka ziwani, na hapo ndipo Baba alipokuwa amepataka kuliko kote. Mashua za injini huwachukua wageni mpaka mahali maji yanapochemka kutoka chini. Tulikwishapewa maboya ya kuvaa na watoto walishakaa ndipo msimamizi wa mashua, mwanamume mnene mwenye kofia, alipoiona fimbo nyeupe. Akamshika mume wangu bega akamvuta kando.

"Yule haendi," akasema. "Ni hatari. Sheria ya kampuni."

Mume wangu akamuuliza imeandikwa wapi. Hakuna palipoandikwa. Akamuuliza iwapo Mzee anakatazwa kuvaa boya, kukaa, au kushika ukingo. Msimamizi akapaza sauti, na alichosema nitakikumbuka mpaka niingie kaburini: "Nyinyi mnataka kumtesa bure. Hata akienda, ataona nini?"

Nikaruka. Safari hii Baba hakunizuia. Nilimwambia yule bwana kwamba aliyesimama mbele yake amefundisha watu kuhusu mto huu tangu yeye hajajua kuvaa kaptula. Nilimwambia kwamba wale anaowapakia, nusu yao wanautazama mto kwa simu zao tu. Nilitumia maneno mengine pia, ya Kigogo, ambayo ni heri hakuyaelewa. Akakunja mikono. Wageni wakatazama pembeni, wakaanza kunung'unika kwamba wanacheleweshwa, na hakuna hata mmoja, katika watu kumi na kitu, aliyesema neno kwa ajili yetu.

"Watoto waende," Baba akasema hatimaye. "Wasikose kwa sababu yangu."

Mdogo akaenda na baba yake. Binti yangu alivua boya akalibwaga miguuni kwa yule msimamizi, akashuka. Sikumkemea.

Tukamwongoza Baba mpaka kwenye ngazi za mawe chini ya ukingo. Akavua viatu, akakunja suruali, akakaa, akatia miguu majini. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani anahuzunika, kumbe anafanya kazi. "Unavuta kulia," akasema. "Nguvu hii si ya ziwa tena, hii ni ya mto. Sikilizeni." Akamweleza binti yangu maji yale yatakavyopita kwenye matope ya Sudan Kusini, yatakavyokutana na Nile ya Bluu Khartoum, mpaka Misri, mpaka baharini. Mdogo aliporudi na mashua alisema waliona ndege weusi na maji yanayotoa viputo, basi. Dada yake akamsimulia Misri.

Mtu anaweza kusema kwamba mwisho Baba alipata chake. Ndivyo nilivyoambiwa na rafiki zangu wote kazini, kwa sauti ya kunibembeleza. Ninakataa. Alitaka kupanda mashua, na hakupanda, kwa sababu mtu mmoja mwenye kofia aliamua hivyo.

Kenya tuliivuka kwa siku tatu. Kabla ya kufika Kisumu njia inaikata Ikweta mara nyingine, na mara hii sikungoja kuulizwa. Tulishuka wote. Baba akasimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, akaufuata mstari kwa ncha ya fimbo mpaka kwenye majani. Akanikabidhi fimbo. "Na wewe fuata." Nikafumba macho nikaufuata. Hatukuzungumza tena habari ya Masaka.

Tulirudi kwa Namanga na Arusha, tukashuka Babati, tukalala Kondoa kwa mama mkwe wangu. Tulimkuta ametoka kuswali Alasiri. Alimkaribisha Baba mkekani, wakasalimiana kwa urefu, akamimina uji, kisha akamuuliza yeye, si mimi, "Haya, mwalimu, huko wanakula nini? Na ndizi zao ni tamu kama wanavyosema?" Wazee wale wawili walizungumza mpaka Magharibi. Nilikaa jikoni nikisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu Mkonze hasira ilinishuka kidogo.

Nilipofika nyumbani niliiandikia ile kampuni ya mashua malalamiko kwa barua pepe. Walijibu baada ya wiki mbili. Walisikitika kwa usumbufu. Walisema siku nyingine mteja wa aina hiyo aje na barua ya daktari inayothibitisha kwamba anafaa kusafiri majini. Aina hiyo! Nilimsomea Baba.

Hakukasirika kama mimi. Aliniomba nimtolee sandukuni mashine yake ya nukta nundu, ile ambayo maandishi yake ni vinundu vya kusomwa kwa vidole. Akakaa nayo asubuhi nzima, anagonga. Zilipotimia kurasa mbili ngumu, nyeupe, zisizo na tone la wino, akazikunja.

"Nikuandikie tafsiri yake kwa chini?" nikamuuliza.

"Kwa nini? Mimi barua yao nimetafuta mtu wa kunisomea. Na wao watafute."

Tuliipeleka posta siku hiyo hiyo, yeye na mimi. Imepita miezi minne sasa. Hawajajibu. Kila nikiangalia barua pepe na kukuta hamna kitu, hasira inanipanda upya, nataka kuandika tena. Baba ananiambia nitulie, huenda bado wanatafuta.