Saba Kamili

Pale maabara ya hospitali mwenzetu mmoja tulimwita Bwana Saba. Mashine ya kupima asidi ikitoa jibu baya, yeye huilaumu mashine kwanza. Huipimisha maji ya bafa, yale ambayo hata ukiyadondoshea asidi kidogo hayatikisiki, mpaka isome saba kamili. Tulimcheka: "Iko siku itakutukana!"

Jana ikaletwa damu ya dada yake, ambaye figo zimegoma. Damu ya mtu mwenye afya hupita saba kidogo, maana nayo ina bafa yake; ikishuka chini ya saba, asidi imezidi na mtu yu karibu kufa. Ya dada ilikuwa imechoka kupambana. Mashine ikasoma sita nukta tisa.

"Limashine bovu hili!" akafoka. Akapima bafa: saba kamili. Akarudia damu: sita nukta tisa. Akaipiga kofi, akaanza upya. Yale yale.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Kaka, daktari ameshayaona majibu. Anasema njoo ukae na dada."

"Hayo si majibu! Subirini niirekebishe."

Akanigeukia, chupa ya bafa mkononi ikiwa tupu. "Nipe nyingine."

Nikampa. Ningempa nini kingine?